Atropini ilikausha mate ya ndama lakini mtetemeko wa misuli ukabaki: dawa hii huziba nini hasa kwenye seli ya tezi?

Kwato na Pembe ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa kuelewa jambo ambalo limenisumbua tangu mazoezi ya vitendo ya muhula uliopita. Ninasomea stashahada ya afya ya mifugo. Tulipokuwa kijijini, mfugaji mmoja alichanganya dawa ya kupe ya jamii ya organofosfeti kwa kukadiria kwa macho badala ya kupima, kisha akawanyunyizia ndama wake kwa bomba la mgongoni. Haikupita saa nyingi, ndama mmoja akaanza kutokwa na mate yasiyokatika, machozi yakamtiririka, akawa anahara, pumzi ikakoroma kama ya mnyama aliyejaa maji kifuani, na misuli ya mabega na mapaja ikawa inatetemeka. Daktari tuliyefuatana naye alimchoma sindano ya atropini. Dozi ya kwanza haikuleta mabadiliko ya maana. Akaongeza, akasubiri, akaongeza tena, hadi mdomo ukakauka na kifua kikawa safi. Mtetemeko wa misuli, hata hivyo, uliendelea vilevile, kana kwamba dawa haikufika huko kabisa.

Darasani tulipewa sentensi moja tu, kwamba atropini huziba vipokezi vya asetilikolini. Sentensi hiyo hainitoshi. Neva zinazoamuru tezi za mate hutoa asetilikolini, na neva zinazoamuru misuli hutoa asetilikolini hiyohiyo. Sasa dawa imewezaje kuviziba vya tezi na kuviacha vya misuli? Pili, neno "kuziba" linanipa picha ya kizibo cha chupa, ambacho kikishaingia kimeingia. Kama ndivyo, kwa nini ilibidi dozi irudiwe mara tatu? Tatu, kitabu cha fiziolojia ninachosoma kinasema kwamba paka akipewa atropini, kisha neva iendayo kwenye tezi ya mate ya chini ya taya ikasisimuliwa kwa umeme, mate hayatoki, lakini tezi huendelea kuwa nyekundu na damu huendelea kupita ndani yake kwa wingi. Neva ni moja, dawa ni moja, tezi ni moja, na matokeo ni mawili yanayopingana.

Ninaomba maelezo ya kinachotendeka kwenye seli yenyewe ya tezi. Dalili nimekwisha kuzikariri.

---

Darubini amejibu:

Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu mengine mawili yanaliegemea.

Tuiangalie kwanza seli ya tezi ya mate ikiwa haijaguswa na dawa yoyote. Upande wake mmoja unaelekea kwenye damu na ncha za neva, na upande mwingine unaelekea kwenye kijitundu ambamo mate huanza safari ya kwenda kinywani. Upande wa damu ndiko vilipo vipokezi, navyo ni protini zilizosokotwa ndani ya utando wa seli kwa kuupita mara saba, huku zikiacha shimo dogo linalotazama nje. Neva ikipata amri, humwaga asetilikolini. Molekuli ya asetilikolini ikiingia kwenye shimo lile, protini nzima hubadilisha mkao, na mkao huo mpya ndio unaohisiwa ndani ya seli. Huko ndani, protini inayojulikana kama protini ya G huamshwa, nayo huamsha kimeng'enya kinachokata mafuta fulani ya utando na kutoa kipande kidogo kinachoitwa IP3. Kipande hicho husafiri hadi kwenye maghala ya kalisi ndani ya seli na kuyafungua.

Kalisi ikipanda, milango ya kloridi hufunguka upande wa kijitundu cha mate, na milango ya potasiamu hufunguka upande wa damu. Kloridi hutoka, sodiamu huifuata kwa kupenya katikati ya seli na seli, na maji huifuata chumvi, mengi yake yakipita kwenye mifereji maalumu ya protini iitwayo akwaporini ya 5. Kwa hiyo mate uliyoyaona yakitiririka kwa ndama yule ni maji yaliyoburutwa na chumvi, na chumvi iliyoburutwa na kalisi, na kalisi iliyoamriwa na kipokezi kimoja kidogo kilichoko upande wa pili wa seli.

Atropini haigusi lolote kati ya hayo yote. Haivunji kipokezi, haiharibu maghala ya kalisi, wala haizuii neva kumwaga asetilikolini. Kazi yake ni kuingia kwenye shimo lilelile ambalo asetilikolini ingeingia, kukaa humo, na kutokibadilisha kipokezi mkao. Mwaka 2012, watafiti walipofanikiwa kupiga picha ya umbo la kipokezi cha aina hii kwa miale ya eksirei kikiwa kimekaliwa na dawa za ukoo wa atropini, walikuta kwamba naitrojeni ya dawa, yenye chaji chanya, imeshikwa na asidi amino yenye chaji hasi iliyoko ndani ya shimo, na kwamba asidi amino nyingine zimejikunja juu yake kama kifuniko. Asetilikolini nayo ina naitrojeni yenye chaji chanya, na hushikwa palepale. Tofauti ni kwamba atropini ni nene zaidi na mwili wake hulijaza shimo kwa namna inayokifanya kipokezi kibaki katika mkao wa kutulia. Wengine huenda mbali zaidi na kusema kwamba haikiachi tu kitulie bali hukisukuma kitulie, kwa kuwa kipokezi kisicho na mgeni huweza mara mojamoja kujiamsha chenyewe, na atropini hukizuia hata hicho kidogo.

Picha ya kizibo cha chupa, basi, iache. Fikiria kiti cha kinyozi. Mtu anaweza kukaa kwenye kiti bila kunyolewa, na wakati wote amekikalia, mwenye haja ya kunyolewa hawezi kukaa. Lakini hajafungwa kwa msumari. Baada ya muda atainuka, na atakayekaa baada yake atategemea mambo mawili tu: wangapi wa kila aina wanasubiri mlangoni, na kila aina huwa inakaa kwa muda gani ikishapata kiti. Atropini ina sifa ya kukaa kwa muda mrefu kuliko asetilikolini, na kwa hiyo inatosha iwe kidogo tu. Kiasi cha takribani nanomoli 1 kwa lita hukalia nusu ya vipokezi pasipokuwa na mshindani. Lakini mshindani akiongezeka, hesabu hubadilika.

Hesabu hiyo iliandikwa vizuri na John Gaddum mwaka 1937, na Heinz Schild akaifanya kuwa kipimo cha kazi ya kila siku maabarani kuanzia 1947. Ukitaka kujua asetilikolini iongezwe mara ngapi ili tezi irudi kwenye kiwango kilekile cha mate baada ya kuweka atropini, chukua kiasi cha atropini, kigawanye kwa kile kiwango kinachokalia nusu ya vipokezi, kisha jumlisha moja. Atropini ikiwa nanomoli 1, asetilikolini itahitaji kuongezwa mara 2. Ikiwa nanomoli 9, mara 10. Ikiwa nanomoli 99, mara 100. Hakuna hatua ambapo kipokezi kimefungwa moja kwa moja, bali kuna uwiano unaozidi kuielemea asetilikolini.

Sasa rudi kwa ndama wako. Sumu ya organofosfeti haimwagi asetilikolini. Inakiua kimeng'enya kinachoivunja. Kwa kawaida asetilikolini inayomwagwa huvunjwa ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Kimeng'enya kikishakufa, kila inayomwagwa inabaki na kurundikana kwenye ncha za neva, na mlangoni mwa kinyozi kukawa na msongamano. Dozi ya atropini ambayo ingemkausha mdomo ndama mzima inakuta wateja wengi kupita kiasi. Daktari wenu hakuwa anabahatisha aliporudia sindano. Alikuwa anautafuta uwiano mpya, na njia ya kuujua ni kutazama mdomo na kusikiliza kifua.

Wazo hili la ushindani ni la zamani kuliko neno kipokezi lenyewe, na kinachonifurahisha ni kwamba lilizaliwa kwenye tezi ya mate. Mwaka 1878, John Newport Langley wa Cambridge, akiwa bado kijana, alichapisha majaribio yake juu ya tezi ya chini ya taya ya paka. Alimpa mnyama pilokapini, dawa inayotoa mate, kisha atropini mate yakakoma. Akaongeza pilokapini nyingi zaidi, mate yakarudi. Alihitimisha kwamba ndani ya seli za tezi au kwenye ncha za neva lazima kuwe na kitu fulani ambacho dawa zote mbili zinaweza kuungana nacho, na kwamba mshindi huamuliwa na wingi wa kila moja na mvuto wake kwa kitu hicho. Ilimchukua hadi 1905 kukipa kitu hicho jina, dutu pokezi, na wakati huo alikuwa ameshahamia kwenye misuli ya kuku.

---

Mzee wa Josho amejibu:

Ninamshukuru Darubini. Mimi nitalijibu swali la kwanza, la misuli, kwa kuwa nimelikuta mara nyingi kuliko nilivyopenda katika miaka yangu ya kusimamia majosho.

Asetilikolini ni moja, lakini vipokezi vyake ni koo mbili zisizofanana hata kidogo. Henry Dale alizitenga mwaka 1914 kwa kutazama ni sumu gani inaiga kazi gani: ukoo wa kwanza huitikia muskarini, sumu ya uyoga, na wa pili huitikia nikotini ya tumbaku. Vipokezi vya muskarini ndivyo alivyovieleza Darubini, vile vinavyoupita utando mara saba na kufanya kazi kwa kupeleka habari ndani hatua kwa hatua. Viko vya aina tano, vikipewa namba M1 hadi M5, na kwenye tezi za mate anayebeba mzigo mkubwa ni M3 akisaidiwa na M1. Vipokezi vya nikotini ni kitu kingine kabisa: ni vipande vitano vya protini vilivyopangwa duara na kuacha tundu katikati, na asetilikolini ikikaa, tundu lenyewe hufunguka papo hapo na chumvi kupita. Hivyo ndivyo vilivyoko kwenye misuli ya mabega na mapaja ya ndama wako.

Shimo la kukalia asetilikolini katika koo hizi mbili limejengwa kwa protini tofauti na kwa umbo tofauti. Asetilikolini, kwa kuwa ni ndogo na inapindika kirahisi, hujikunja ikaingia kote kuwili. Atropini, yenye mwili mkubwa na mgumu, inalingana na shimo la muskarini tu kwa viwango vya dawa tunavyotumia. Hivyo mate hukauka, ute wa mapafu hukauka, tumbo hutulia, na misuli huendelea kutetemeka kwa sababu kule atropini haina kiti. Mtetemeko ule na udhaifu unaoufuata hutibiwa kwa dawa ya aina nyingine, pralidoksimu, ambayo haishughuliki na kipokezi bali hukiondolea kimeng'enya ile sumu iliyokishika, na hiyo nayo sharti itolewe mapema kabla sumu haijajikaza kwenye kimeng'enya kiasi cha kutobanduka. Vijijini kwetu kuipata ni shida, lakini mwanafunzi ni vyema ajue ipo na inafanya nini.

Niongeze onyo ambalo halikuulizwa. Si kila mnyama aliyelegea baada ya kuogeshwa amepata organofosfeti. Siku hizi majosho na mabomba mengi yana amitrazi, na wengine hutumia dawa za jamii ya pairethroidi. Amitrazi inasisimua vipokezi vya alfa 2, ambavyo ni vya ukoo wa adrenalini. Mnyama husinzia, moyo hupungua kasi, utumbo husimama, sukari ya damu hupanda. Kumpa huyo atropini kwa mazoea ni kumsimamisha zaidi utumbo ambao tayari umesimama. Kinachomfaa ni dawa ya kuviziba vipokezi vya alfa 2, kama yohimbini au atipamezoli. Pairethroidi nazo huweza kuleta mate na mtetemeko, lakini zinashambulia milango ya sodiamu ya neva yenyewe wala hazigusi kimeng'enya cha asetilikolini. Kabla ya kuchoma sindano, omba chupa uisome. Nimeona chupa iliyohamishiwa dawa nyingine, na nimeona lebo iliyoloa ikafutika, na katika hali hizo mbili hakuna kitabu kitakachokusaidia isipokuwa macho yako.

Tena, usishangae ukimpa ng'ombe mzima atropini kabla ya upasuaji ukakuta mate yamepungua lakini hayajaisha, na yaliyobaki yamekuwa mazito ya kuvutika kama ute wa bamia. Ng'ombe mkubwa hutoa zaidi ya lita 100 za mate kwa siku, na tezi zake za parotidi hutoa mate mfululizo hata zikikatwa neva. Isitoshe, sehemu ya protini na ute wa mate huamriwa na neva za upande wa adrenalini, ambazo vipokezi vyake ni vya alfa na beta. Atropini huondoa maji na kuiacha sehemu hiyo. Ndiyo sababu wengi wetu hatuipendi kwa wanyama wanaocheua: mate mazito ni rahisi kumkwama mnyama aliyelala kuliko mate mepesi, na tumbo lililosimama huvimba gesi.

---

Kwato na Pembe ameandika tena:

Nawashukuru sana, Darubini na Mzee wangu. La kizibo nimelifuta kichwani, na koo mbili za vipokezi sasa zinaeleza mtetemeko. Limebaki la paka. Kama neva ile inamwaga asetilikolini, na mishipa ya damu ya tezi inaitikia asetilikolini kwa vipokezi vya muskarini, nilitarajia atropini izime vyote viwili. Au vipokezi vya mishipa ya damu ni vya nikotini?

Jingine dogo: je, dawa zote zinazozuia hufanya hivyo kwa kukalia kiti? Mhadhiri mmoja alitaja dawa "isiyoshindana" na hakufafanua.

---

Darubini amejibu:

Hapana, si vya nikotini. Swali hili liliwashinda wataalamu kwa zaidi ya miaka 100, hivyo usijione mgumu wa kuelewa.

Carl Ludwig alikuwa ameonyesha, katikati ya karne ya 19, kwamba mbwa akisisimuliwa neva ya tezi ya chini ya taya, mate hutoka kwa shinikizo linaloweza kuzidi shinikizo la damu ya ateri, na kwa hiyo tezi haichuji damu tu bali inafanya kazi yake yenyewe. Mwaka 1858 Claude Bernard akaonyesha huko Ufaransa kwamba neva hiyohiyo hupanua mishipa ya damu ya tezi, hata damu ya vena ikatoka nyekundu kama ya ateri. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba damu nyingi ndiyo inayoleta mate mengi. Rudolf Heidenhain, mwaka 1872, akampa mnyama atropini na kuisisimua neva: mate hayakutoka hata tone, na damu ikaendelea kwenda kasi. Jaribio hilo ndilo lililomo kwenye kitabu chako. Lilitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamefungwa pamoja, na Heidenhain akalieleza kwa kusema kwamba neva ina nyuzi za aina mbili, za mate na za mishipa, na kwamba atropini hupooza za kwanza tu.

Baadaye, ilipothibitika kwamba neva hufanya kazi kwa kumwaga kemikali, maelezo hayo yalianza kuyumba, kwa sababu mishipa ya damu ya tezi ikipewa asetilikolini kutoka nje hupanuka, na upanuzi huo atropini huuzima bila shida. Kwa nini basi iuzime upanuzi wa asetilikolini iliyodungwa na ishindwe na ule wa neva? Wapo waliosema labda neva humwaga asetilikolini karibu mno na mishipa, mahali ambapo atropini haifiki. Jibu lilipatikana miaka ya mwanzo ya 1980, kwa kazi ya Jan Lundberg na wenzake nchini Sweden. Ndani ya ncha zilezile za neva za paka zenye asetilikolini, walikuta pia peptidi ya asidi amino 28 inayoitwa kwa kifupi VIP, ambayo ilikuwa imetengwa kutoka utumbo wa nguruwe mwaka 1970. Neva ikisisimuliwa humwaga vyote viwili. Asetilikolini huamuru seli za tezi zitoe mate na kuchangia kupanua mishipa. VIP hupanua mishipa kupitia vipokezi vyake yenyewe, ambavyo havina undugu na vile vya muskarini. Atropini huviziba vya kwanza, na VIP huendelea na kazi yake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hapo tazama dawa imetumika kama nini. Atropini haikutibu chochote katika majaribio yale. Ilitumika kama kisu cha kutenganishia. Mwitikio ukizimika kwa atropini, kuna kipokezi cha muskarini mahali fulani njiani. Usipozimika, kuna kingine. Mantiki hiyo hufanya kazi hata kwa jasho. Jasho la mwanadamu, na la nyayo za paka, huamriwa na neva za simpathetiki ambazo mtu angetarajia zitumie noradrenalini, kemikali ya ukoo wa adrenalini, lakini huzimwa na atropini. Na Dale alipochunguza nyayo za paka pamoja na Wilhelm Feldberg mwaka 1934, walikuta kinachomwagwa ni asetilikolini. Jasho la farasi, kinyume chake, haliguswi na atropini, kwa kuwa tezi zake huitikia adrenalini kupitia vipokezi vya beta 2. Neno "tezi ya jasho" ni moja kwenye kitabu, lakini seli hazikubaliani juu ya nani wa kuwaamuru.

Kuhusu dawa zisizoshindana: ndiyo, ziko njia nyingine, na mbili zinatosha hapa.

Ya kwanza ni kujifunga moja kwa moja. Fenoksibenzamini, inayoziba vipokezi vya alfa, hukaa kwenye kipokezi kisha ikaunda kiungo cha kikemikali kisichoachia. Huyo ndiye mteja aliyejipigilia msumari kwenye kiti. Ukiongeza noradrenalini hata mara 1,000, vipokezi vilivyofungwa havirudi, na nguvu ya mwitikio wa juu kabisa hushuka badala ya kusogea tu. Kazi hurudi pale seli inapotengeneza vipokezi vipya, na hilo huchukua siku.

Ya pili ni kuziba tundu na kukiacha kiti wazi. Hiyo inawezekana kwa vipokezi vya nikotini, kwa kuwa vyenyewe ni tundu. Kabla ya kufika kwenye seli ya tezi ya mate, neva hupumzika kituo kimoja, kwenye ganglia, yaani fundo la seli za neva, na hapo kipokezi ni cha nikotini. Watafiti waliochunguza ganglia ya tezi ya chini ya taya ya panya mwaka 1979 walionyesha kwamba dawa iitwayo heksamethoniamu hungoja asetilikolini ifungue tundu, kisha huingia ndani ya tundu na kulikwamisha. Hapa hesabu ya Gaddum inapinduka: ukiongeza asetilikolini hufukuzi dawa, bali unafungua matundu mengi zaidi ya kuzibwa. Kwa mwanafunzi aliyezoea atropini hili huonekana kama kichekesho, lakini ndilo linalokuonyesha kwamba maneno "huziba kipokezi" hayajakwambia bado ni wapi kwenye kipokezi.

---

Mzee wa Josho amejibu:

Darubini amenikumbusha tezi moja ambayo wanafunzi huisahau kwa sababu haitoi kitu kinachoonekana kwa macho, nayo ni ya juu ya figo. Sehemu yake ya ndani ina seli zinazotoa adrenalini, na neva inayoziamuru humwaga asetilikolini. Feldberg na wenzake walilithibitisha hilo kwa paka mwaka 1934. Kwa ng'ombe, ambaye seli zake hizo zimetumika sana maabarani kwa kuwa machinjio huzitoa kwa wingi, kipokezi kinachofungulia adrenalini ni cha nikotini. Kwa hiyo hiyo ni tezi ambayo atropini haiizimi.

Hili linamhusu ndama wako moja kwa moja. Vitabu vinasema organofosfeti hupunguza kasi ya moyo, na ni kweli kwa upande wa muskarini. Lakini sumu hiyohiyo inarundika asetilikolini kwenye ganglia na kwenye tezi ya juu ya figo, ambako vipokezi ni vya nikotini, na adrenalini inayomwagwa huuharakisha moyo. Unaweza kumkuta ndama mwenye mate tele na moyo unaokwenda mbio, ukadhani labda kuna mtu amemtangulia na atropini, au ukaogopa kumpa. Kiasi cha atropini usikipime kwa moyo peke yake wala kwa mboni peke yake. Weka sikio kifuani: mkoromo wa ute ukiisha na mdomo ukakauka, umefika, na utalazimika kurudi kusikiliza tena baada ya saa chache, kwa sababu atropini itakuwa imeanza kuondoka mwilini huku kimeng'enya kikiwa bado hakijapona.